Barabara ya Wageni

Binti wa kaka yangu, Dervla Mulhern, alipofeli jaribio la nadharia la leseni ya kujifunzia udereva, hakulia wala hakujifungia chumbani. Alivaa gambuti, akachukua fagio, akaenda kufagia zizi lililokuwa limekwisha kufagiliwa asubuhi. Nilimkuta huko akisukuma maji machafu kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, kisha akiyarudisha yalikotoka.

"Shangazi, usianze," alisema kabla sijafungua kinywa.

"Sijaanza."

"Una sura ya kuanza."

Nilimwambia kwamba sura hiyo nimekuwa nayo tangu nilipotoka chuo cha ualimu, na kwamba haitabadilika leo. Aliegemeza fagio ukutani kwa kishindo, tukaingia jikoni.

Kaka yangu Malachy alikuwa ameketi karibu na jiko, mguu wa kulia juu ya kigoda, magongo mawili yakiwa yameegemea mezani. Mwezi wa Machi maksai mmoja alimbana kwenye geti akamvunja goti, na daktari alikuwa amemkataza kupanda trekta hadi majira ya mapukutiko. Mtu aliyezoea kuamka kabla ya jua sasa alikuwa na kazi moja tu, kutazama anga kupitia dirishani na kuisema vibaya.

"Mwalimu amefika," alisema. "Haya, Assumpta, mfundishe profesa wetu wa matope. Amekwenda mjini akawaeleza wenye kompyuta jinsi watu wanavyoendesha, nao hawakupenda."

"Baba, nyamaza."

"Nanyamaza vipi, na nyasi zinakua?"

Hapo alikuwa amegusa penyewe. Upande wa pili wa barabara kuu, mwendo wa maili mbili kutoka nyumbani, Malachy ana shamba la majani linaloitwa Corrabaun. Nyasi za shamba hilo hukatwa mwanzoni mwa Juni, zikafungwa marobota, zikaletwa uani siku hiyohiyo ya kufungwa, zikazungushiwa nailoni ili zivundike; hizo ndizo ng'ombe wanazokula majira yote ya baridi. Jirani yake, Festy Gilhooly, alikuwa ameomba kulikodi shamba hilo kwa miaka saba. Malachy hakumkatalia wala hakumkubalia. Alitamka mbele yetu sote: "Tusipoweza kuleta nyumbani nyasi zetu kwa mikono yetu wenyewe, ardhi tunaishika ya nini? Mavuno ya kwanza yakitushinda, Festy achukue."

Na mikono iliyobaki ilikuwa ya Dervla. Mama yake ni muuguzi mjini Sligo na hajawahi kupanda trekta, wala mimi. Dervla ameendesha trekta mashambani tangu miguu yake ilipofika kwenye pedeli, lakini barabara ya serikali ni jambo jingine. Huko sheria inataka leseni ya kujifunzia, na kwa trekta mtu huipata akitimiza miaka kumi na sita. Aliitimiza mwezi wa Aprili. Tangu utotoni hakuwahi kutaka kuwa kitu kingine isipokuwa mkulima, na alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba shamba likienda miaka saba, ng'ombe watafuata, na atakayerudi hapo baadaye atarudi kwenye nyumba yenye bustani tu.

Nilianza kwa utaratibu, kama nianzavyo na darasa lolote. Nilikata kadi, nikaandika swali upande mmoja na jibu upande wa pili, nikazipanga kwa mada: alama za barabarani, breki na mizigo, mwendo, na mahusiano na madereva wengine. Dervla aliketi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha goti lake likaanza kuruka chini ya meza, vikombe vikaanza kulia, akasimama, akawa anajibu huku akitembea kati ya sinki na mlango.

Alama alizijua. Breki alizijua kuliko mimi. Tela lenye mzigo mrefu lifungweje, kitambaa chekundu kiwekwe wapi, taa ya manjano iwake lini, yote aliyajibu kabla sijamaliza kusoma. Nilianza kujiuliza alifelije.

Tukafika kwenye rundo la mwisho.

"Uko kwenye njia panda, unataka kuingia barabara kuu," nilisoma. "Gari linalokuja upande wako wa kulia linakumulika kwa taa. Utafanya nini?"

"Naingia."

"Unaingia?"

"Naingia, halafu nanyanyua kidole kwenye usukani kumshukuru. Sasa Shangazi, amenipa njia, nikae pale kama sanamu ya Bikira Maria? Kesho parokia nzima itasema akina Mulhern wana maringo."

Niliweka kadi chini, nikachukua nyingine. "Unaendesha trekta polepole, nyuma yako kuna msururu wa magari. Utafanya nini?"

"Nachungulia mbele. Njia ikiwa wazi, nawapungia mkono wapite."

"Na taa za dharura, zile zinazowaka pande zote mbili kwa pamoja, mtu huziwasha kwa sababu gani?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jina lake mwenyewe. "Kusema ahsante."

Malachy aligonga gongo sakafuni kwa furaha. "Sahihi kabisa! Mpe vyote!"

Yote yalikuwa makosa. Wala asingeweza kulaumiwa, kwa maana ndivyo tunavyoendesha huku mkoani Leitrim, kuanzia padri hadi dereva wa gari la maziwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewasha taa za dharura asubuhi ile kumshukuru mtu aliyenipisha darajani. Kosa lake halikuwa la kutojua sheria. Alikuwa anajibu kila swali kana kwamba aliyemo ndani ya lile gari ni mtu anayemjua.

"Dervla," nilisema, "huyo anayekumulika njia panda ni nani?"

"Nitajuaje? Festy labda. Au yule mtaalamu wa mifugo."

"Si Festy. Humjui. Naye hamjui baba yako, hajui kama wewe ni Mulhern au nani. Pengine ametoka Ujerumani, amekodi gari uwanja wa ndege, hajalala tangu jana, na hizo taa kaziwasha kwa bahati mbaya akitafuta redio."

Dervla akasimama katikati ya jikoni. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumwona ametulia.

"Kwa hiyo hakunimulika mimi?"

"Hujui."

"Basi nasubiri mpaka nione mwenyewe kwamba njia ni salama."

"Na wale walio nyuma yako?"

"Ni wageni." Alifikiri. "Nikiwapungia mkono, wao wataniamini, na mimi sioni vizuri kona iliyo mbele. Siwapungii. Natafuta mahali pazuri, naingia kando, nasimama, nao wanapita." Kisha akacheka kidogo, kicheko cha kuchukizwa. "Maskini watu wa kitabu hiki. Hawana jirani hata mmoja."

"Utamaliza kwa kumfundisha mtoto asimsalimie padri," Malachy alilalamika, lakini nilimwona akisogeza kigoda chake karibu na meza ili asikie maswali yaliyobaki.

Kuanzia hapo tulisoma popote alipokuwa, kwa kuwa kumketisha lilikuwa jambo lisilowezekana. Nilimwuliza maswali akikamua, akirundika kuni, akipaka rangi geti. Tuliegesha gari langu kwenye njia panda siku ya mnada wa ng'ombe, na kila jirani aliyepita akimpisha mwenzake, akipunga au kumulika, Dervla alitaja kwanza jina lake, kisha akajilazimisha kulisahau. "Yule ni Packie. Hapana. Yule ni mgeni. Nasubiri." Packie naye, alipoona tunamkodolea macho bila kumpungia, alipunguza mwendo akashusha kioo.

"Kuna msiba?"

"Hakuna, Packie. Tunasoma."

"Mnanisoma mimi? Mtapata usingizi!"

Siku ya kurudia jaribio nilimpeleka Sligo, akaingia ndani, nami nikajiambia kwamba nitakaa garini nisahihishe madaftari. Sikusahihisha hata moja. Niliyazunguka maegesho, nikasoma mabango ya duka la viatu, nikazunguka tena, hadi mlinzi akaniuliza kama nimepoteza mbwa. Dervla alipotoka, uso haukusema lolote. Alikuja hadi karibu yangu ndipo akaninyooshea karatasi.

"Nimepita. Wote walikuwa wageni, Shangazi. Kila mmoja wao."

Nilidhani mambo yangetulia sasa. Tulipeleka maombi siku hiyohiyo, pamoja na cheti cha macho, na kilichobaki kilikuwa kungoja leseni ifike kwa posta. Lakini kungoja, kwa mtu wa aina yake, ni kazi ngumu kuliko zote. Kila siku, gari la kijani la Attracta, mama wa posta, lilipotokea mwanzo wa njia, Dervla alikuwa amekwisha kufika getini. Hatimaye Attracta akawa anampigia kelele kutoka mbali, kichwa nje ya dirisha: "Hakuna! Rudi ndani, binti, unanipandisha presha!"

Anga nayo haikungoja. Baada ya majuma mawili ya manyunyu, watabiri walitangaza ukavu kuanzia katikati ya juma, na mvua kubwa kurudi Jumamosi jioni. Malachy alipiga simu kwa mkandarasi mwenye mashine. Mkandarasi alisema mashine anazo, za kukata, za kufunga na za kuzungushia nailoni, ila madereva wa kubeba mzigo hana hata mmoja. Vijana wote wamekwenda Australia. Alhamisi nyasi zikakatwa, zikaachwa zinyauke hadi Jumamosi zifungwe. Ijumaa Attracta alipita akatikisa kichwa bila hata kupiga kelele, na kwa kuwa posta haipiti Jumamosi, sote tulielewa.

Jumamosi asubuhi nilipofika, trekta kubwa lilikuwa tayari getini, tela nyuma yake, injini inanguruma, pua yake ikiwa hatua chache tu kutoka barabarani. Dervla alikuwa ameketi juu, mikono kwenye usukani. Malachy alikuwa amesimama chini kwa magongo yake.

"Nenda basi," alikuwa akisema. "Maili mbili tu. Umefaulu, jina lako limo kwenye kompyuta yao. Kipande cha plastiki ndicho kitakachoendesha?"

"Baba, bila leseni hakuna bima."

"Nani atakuuliza bima? Polisi wa hapa amekwenda kwenye mechi. Kutoka geti hili hadi Corrabaun kuna nyumba tisa, na zote unazijua. Kuna atakayekusema?"

"Hakuna."

"Basi!"

"Hao si tatizo, Baba." Sauti yake ilikuwa imepanda, na mguu wake ulikuwa ukigongagonga sakafu ya trekta. "Wangekuwa ni hao tu ningekwenda tangu nina miaka kumi na miwili. Ni yule nisiyemjua. Yule atakayekuja kwenye kona ya kanisa na gari la kukodi, na watoto nyuma. Nikimgonga, nimwambie nini? Kwamba majirani wote wananifahamu?"

Malachy alinigeukia mimi. "Haya ni mafundisho yako."

Sikukanusha. Nilitaka sana kusema jambo lenye busara, lakini kwa kweli nami nilikuwa nikiyatazama mawingu ya upande wa magharibi.

Dervla alizima injini. Aliruka chini, akatoa simu mfukoni, akatembea kwenda na kurudi mbele ya trekta.

"Mzee Festy? Ni Dervla wa Malachy. Nakuomba siku."

Neno hilo kwetu lina uzito wake. Mtu hakuombi msaada, anakuomba siku. Ukimpa, atakurudishia siku, kazi kwa kazi, hata ikipita mwaka, na hakuna anayeandika wala anayesahau. Malachy alikuwa amegeuka mwekundu hadi masikioni.

"Umempigia Festy? Mtu anayeitaka ardhi yenyewe? Umempa shamba kwa simu!"

"Nimempigia mwenye trekta na leseni," alisema Dervla. "Nyasi zikilowa, shamba limekwenda vilevile."

Festy alifika kabla chai haijapoa, mtu mnene mwenye kofia iliyofifia, na kama alifurahia hali yetu hakuionyesha. Alilipeleka Corrabaun trekta dogo la Malachy lenye uma wa kupakilia, akarudi kuchukua kubwa na tela. Kazi yenyewe ilihitaji mtu wa kupakia kule na mtu wa kupakua huku, na mtu huyo alikuwa mmoja tu. Ndani ya shamba na ndani ya uwanja wa nyumbani sheria haikumzuia Dervla. Barabara iliyo katikati ndiyo iliyomzuia. Kwa hiyo mimi nikawa barabara.

Alipakia marobota Corrabaun, akaruka chini, akajitupa ndani ya gari langu kwenye kiti nilichokitandikia gunia la chakula cha ng'ombe, nami nikamkimbiza nyumbani nyuma ya tela la Festy. Alipakua kwa mashine ya Malachy iliyobaki uani, akayapanga, kijana wa mkandarasi akayazungushia nailoni, nasi tukarudi. Tena na tena.

"Shangazi, kanyaga!"

"Kikomo cha mwendo hapa ni themanini."

"Unakwenda arobaini!"

"Kwa sababu mbele yetu kuna trekta, Dervla, na sioni kona."

Alijipiga paji la uso kwa kiganja. "Nimejitakia mwenyewe. Nimejitakia."

Festy naye kila tulipopishana alishusha kioo. "Mwalimu, teksi hiyo ni bei gani hadi Dublin?" Mara nyingine: "Msichana mwenye trekta mbili anasafiri kwa gari la shangazi! Dunia imekwisha!" Dervla alimjibu kwa maneno ambayo sitayaandika. Hakula mchana. Alikunywa maji akitembea. Mawingu yalikuwa yamefika juu ya mlima, na upepo ulikuwa umeanza kugeuza majani ya miti upande wao mweupe. Tone la kwanza liliangukia kioo changu tukiwa njiani na mzigo wa mwisho. Robota la mwisho lilipokuwa linazungushiwa nailoni, tulikuwa tumelowa sote, isipokuwa nyasi.

Jioni tukaketi jikoni, mvua ikipiga madirisha. Kulikuwa na viazi, nyama ya nguruwe, kabichi na mkate wa magadi. Dervla peke yake ndiye aliyesimama, sahani mkononi, mgongo kwenye sinki, akila kama mtu anayengoja basi.

Festy alifuta mdomo, akavua kofia, akaiweka gotini. "Basi, Malachy. Nyasi zimefika, Mungu ashukuriwe. Lakini hazikufika kwa mikono yenu. Ulisema neno lako, na mimi nililisikia."

Malachy aliisukuma sahani yake kando. Si mtu wa kuvunja neno lake. "Nililisema," alijibu.

Dervla aliacha kutafuna.

"Mzee Festy," alisema, "mavuno yako ya pili unakata lini?"

"Agosti, Mungu akipenda. Kwa nini?"

"Umepata madereva?"

"Madereva!" Festy alicheka kwa uchungu. "Wametoka wapi? Mwanangu yuko Australia, Perth, wa Packie yuko Perth. Nitabeba mwenyewe usiku na mchana, kama punda."

"Nina deni la siku yako. Agosti nitakuwa na leseni. Nitakuja na trekta kubwa na tela."

"Hiyo ni haki, na ahsante."

"Ila ukikodi Corrabaun, Baba atauza trekta kubwa. Hatutakuwa na kazi nalo. Sasa siku yako nitailipa kwa kitu gani? Kwa teksi ya Shangazi?"

Festy alinitazama mimi, kana kwamba nilikuwa nimempa swali gumu ubaoni. Niliona akipima kimoyomoyo: upande mmoja shamba moja zaidi la kukata bila mtu wa kubeba, upande wa pili dereva mwenye leseni anayeishi ng'ambo ya ukuta, ambaye hajui kuketi.

"Malachy," alisema mwishowe, "huyu umemtoa wapi?"

"Mwulize mwalimu."

"Siku moja haitoshi," Festy alimwambia Dervla. "Agosti nina mashamba mawili."

"Siku mbili," alisema Dervla, "na habari ya Corrabaun isirudi tena mezani."

"Isirudi mpaka lini?"

Dervla hakuwa na mamlaka ya kujibu hilo, na alijua. Alimgeukia baba yake. Malachy alichukua kijiko, akampakulia Festy viazi vingine viwili bila kumwuliza kama anavitaka.

"Mpaka niilete mimi mwenyewe," alisema. "Kula, Festy."

Festy aliirudisha kofia kichwani, jambo ambalo katika nyumba hiyo lilimaanisha kwamba mazungumzo ya biashara yamekwisha, akala. Nilitaka kumpongeza Dervla kwa utaratibu unaostahili, nikageuka kuelekea sinki, lakini palikuwa na sahani tupu tu. Kupitia dirishani nilimwona uani, mvua ikimpiga mabegani, akizunguka rundo la marobota, akikagua moja baada ya jingine kuona kama kunguru wameanza kuitoboa nailoni.